Tyuna ya HF ikigoma: anza na dalili, bisibisi baadaye

Tyuna otomatiki ikishindwa kushika masafa, lawama zote huliangukia lile boksi la kijivu lililofungwa kwenye mguu wa antena. Mara nyingi halina kosa. Kazi yake ni kupima nguvu inayorudi, kupanga koili na kapasita mpaka redio ione omu 50, na kutoa taarifa. Waya ukikatika, athi (muunganiko na ardhi) ikioza au betri ikichoka, tyuna ndiyo inayoleta habari mbaya. Na mjumbe hauawi.

Maelezo haya ni ya redio za HF, yaani za mawimbi mafupi, za wati 100 hadi 125, zinazofanya kazi kati ya 1.6 na 30 MHz, zenye tyuna ya nje na zinazoongozwa na kompyuta au kwa kuchagua chaneli. Ni aina ya mtambo unaoukuta kwenye zahanati ya mbali, misheni, kituo cha askari wa wanyamapori, boti la bahari kuu, na kwa waredio wa amateur, wale wanaorusha kwa kupenda tu.

Ndani ya tyuna ya kawaida kuna koili saba na kapasita saba, kila moja ikiwa takriban maradufu ya iliyoitangulia, na kila moja na rilei yake, yaani swichi ya umeme. Rilei moja ya ziada huamua kapasita zikae upande wa redio au upande wa antena. Hesabu ni 128 × 128 × 2, yaani mipangilio 32,768. Ukibonyeza TUNE, redio hutoa wati 10 hivi bila sauti, tyuna inapima, inabofya rilei mpaka SWR (kipimo cha nguvu inayorudi, 1 ndiyo bora) ishuke, kisha inahifadhi jibu kwenye kumbukumbu. Ule mlio kama wa bisi zinazopasuka ndio rilei zikitafuta. Tyuna nyingi humaliza ndani ya sekunde 2 hadi 15. Ikizidi hapo, kuna jambo.

Vipimo vitatu kabla ya kufungua chochote

Kwanza, volti. Pima nyuma ya redio, kwenye plagi yake ya umeme, wakati inarusha kwa nguvu kamili; viwango viko kwenye dalili ya 5. Ukipima kwenye betri redio ikiwa imepumzika, hujapima kitu.

Pili, mzigo wa majaribio wa omu 50, ambao mafundi huuita dami. Ondoa tyuna, funga dami moja kwa moja kwenye redio, rusha. Redio ikitoa wati zake zote na SWR ikakaa chini ya 1.2, redio ni nzima na shida iko nje. Kipimo hiki kimoja hugawa tatizo katikati, na asiye na dami atazunguka siku nzima.

Tatu, futi kamba. Pima urefu wa waya wa antena kutoka kwenye skrubu ya tyuna mpaka kwenye kihami cha mwisho. Andika namba hiyo ndani ya mfuniko wa tyuna kwa kalamu isiyofutika. Utaihitaji sasa hivi.

Dalili ya 1: Rilei zinalia muda mrefu, kisha tyuna inakata tamaa

Jiulize: inashindwa masafa yote, au baadhi tu?

Kama ni baadhi tu, mshukiwa wa kwanza ni urefu wa waya. Waya unaolishwa mwisho ukifikia nusu ya wimbi, au mara mbili au tatu ya nusu hiyo, ukinzani kwenye mguu wake hupanda hadi maelfu ya omu na tyuna haiwezi kuufikia. Nusu ya wimbi kwa mita ni 143 gawanya kwa MHz. Chukua waya wa mita 20, urefu ambao watu huupenda kwa sababu ni namba nzima: 143 ÷ 20 ni 7.15. Umejichagulia waya mbaya kabisa kwa 7.1 MHz, na tena kwa 14.3 na 21.4. Wati 100 kwenye omu 3,000 ni takriban volti 550 kwenye skrubu ya tyuna, na cheche zikianza kuruka huko ndani, tyuna inaona SWR inayocheza na haiwezi kutulia.

Dawa si kununua tyuna kubwa zaidi. Kata waya. Mita 17.7 au mita 12.5 hukwepa mtego huu kwenye bendi nyingi za amateur. Kwa chaneli za kazi, andika orodha ya masafa yako yote, kokotoa nusu ya wimbi ya kila moja pamoja na mara mbili na mara tatu yake, kisha chagua urefu usiokaribia namba hizo kwa chini ya asilimia 8 au 10.

Ikishindwa masafa ya chini tu, yaani 2 hadi 5 MHz, waya ni mfupi mno au athi ni dhaifu. Waya ulio chini ya moja ya nane ya wimbi, kama mita 10 kwa 3.5 MHz, unaweza kushika lakini kwa taabu, na kila udhaifu wa athi utaonekana hapo.

Ikishindwa masafa yote, fuata mpangilio huu, kuanzia kinachotokea sana:

Kiungo kilichooza. Fungua skrubu ya antena na ile ya athi. Pwani utakuta ukoko wa kijani kati ya kijiti cha shaba na kishikio cha waya, na nyuzi za waya zimegeuka nyeusi ndani ya plastiki kwa sentimita kadhaa. Usisafishe sehemu iliyoharibika. Kata mpaka uone shaba inayong'aa, bana kishikio kipya, lehemu, paka grisi ya silikoni, funga utepe unaojishikiza wenyewe.

Athi isiyokuwepo. Fimbo moja ya shaba iliyopigiliwa ardhini inasaidia usalama na radi, lakini kwa HF ni kama haipo. Jaribio lake halichukui dakika tano: tandaza nyaya nne za mita 7 hadi 10 juu ya ardhi, pande nne, na uzifunge zote kwenye skrubu ya athi ya tyuna. Tyuna ikishika papo hapo, umempata mwizi. Kisha weka nyaya nane au zaidi za kudumu, zizikwe sentimita chache ili jembe na mbuzi visizifikie. Paa la bati nalo linafaa, mradi mabati yameunganishwa kwa skrubu na utepe wa shaba. Bati lenye kutu linaloshikana kwa misumari tu huleta makelele kwenye mapokezi. Kwenye gari, tyuna ishikwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kwa utepe bapa usiozidi sentimita 30. Kwenye boti la fiba, tumia utepe wa shaba mpaka kwenye bamba lililozama majini. Maji ya chumvi ni athi bora kuliko ardhi yoyote.

Koaksi mahali pasipotakiwa. Koaksi ni kebo yenye waya wa kati na wavu wa chuma (shilidi) unaouzunguka. Kosa hili hufanywa na mafundi wazuri wa VHF, masafa yaliyo juu ya HF: wanaunganisha tyuna na waya wa antena kwa mita tatu za koaksi, ili kazi ionekane safi. Koaksi ya kawaida ina takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Kwa waya usio wa omu 50, pikofaradi 300 hizo zinameza nguvu kabla haijatoka nje, na tyuna haijui itafute nini. Kuanzia skrubu ya tyuna kwenda mbele, tumia waya mmoja wenye kihami imara, ulio mbali na ukuta na chuma. Koaksi inaishia kwenye tyuna.

Maji ndani ya koaksi inayotoka kwenye redio. Kipimo chake kiko kwenye dalili ya 4.

Volti ndogo kwenye tyuna yenyewe. Rilei za volti 12 zikipata volti 10 huenda zisibane vizuri. Waya mwembamba wa mita 30 unaopeleka umeme kwa tyuna unatosha kusababisha hili.

Tyuna mbovu. Ndiyo, iko mwisho. Ihukumu hivi: ondoa waya wa antena na athi, funga dami ya omu 50 kati ya skrubu hizo mbili, bonyeza TUNE kwenye masafa matano tofauti. Inapaswa kushika haraka, chini ya 1.5. Ikishindwa hapo, na volti na koaksi ni nzuri, basi boksi lina kosa: rilei iliyogandana, au diodi za kipima SWR zilizoungua.

Simama hapa na uite fundi wa redio ukisikia harufu ya kuungua, ukiona ubao umekuwa mweusi, au kama radi imepiga karibu. Tyuna iliyopigwa na radi huwa na majeraha kadhaa kwa pamoja. Ukibadilisha rilei moja leo utabadilisha nyingine kesho.

Dalili ya 2: Unabonyeza TUNE, kimya

Hakuna mlio wa rilei hata mmoja. Hapa antena haihusiki. Angalia fyuzi ya tyuna, kisha kebo ya udhibiti. Tyuna nyingi za nje hutumia nyaya nne: chanya, hasi, waya wa redio kuomba tyuni, na waya wa tyuna kuomba redio irushe. Fungua mfuniko, weka malti-mita kwenye ule waya wa kuomba tyuni, mwambie mwenzako abonyeze TUNE. Volti ikibadilika kwenye redio lakini isibadilike kwenye tyuna, kebo imekatika, mara nyingi pale inapoingia kwenye plagi au panya walipopita. Isipobadilika hata kwenye redio, menyu haijaambiwa kuna tyuna ya nje. Hilo hutokea sana baada ya redio kurudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani.

Sisimizi, nyigu na mijusi hupenda maboksi haya kwa sababu yana joto kidogo. Ziba tundu za kebo, lakini acha kijitundu cha chini cha kutolea unyevu, kikiwa na wavu mwembamba. Boksi lililozibwa kabisa hutoa jasho na kuozea kwa ndani.

Dalili ya 3: Jana ilishika, leo haishiki

Kumbukumbu imepitwa na wakati. Tyuna ilijifunza masika, ardhi ikiwa imelowa. Sasa ni kiangazi, udongo umekauka, na mpangilio uliohifadhiwa hauendani tena na antena. Futa kumbukumbu, tyuni kila chaneli upya. Kwenye vituo vyenye athi dhaifu, fanya hivi kila msimu ukibadilika. Athi ikiwa nzuri, tofauti ya misimu huwa ndogo.

Kama SWR ni nzuri mwanzoni kisha inapanda baada ya nusu dakika ya kuongea, kuna kitu kinapata joto: kiini cha koili, kapasita dhaifu, kihami kilicholowa, au tawi la mwembe linalogusa waya. Rusha kwa dakika moja, zima redio kabisa na uchomoe umeme, ndipo uguse vihami na viungo. Chenye joto ndicho.

Dalili ya 4: SWR ni 1.1, lakini hakuna anayekusikia

Dalili hii ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa sababu mita inasema kila kitu ni kizuri. SWR nzuri haithibitishi kwamba nguvu inatoka. Inathibitisha tu kwamba hairudi. Dami nayo ina SWR ya 1.0, na haisikiki hata kwa jirani.

Koaksi iliyolowa maji ni dami nzuri sana. Ipime hivi: chomoa koaksi upande wa tyuna, uache wazi, kisha pima SWR upande wa redio kwa kipima antena. Kebo isiyo na kosa iliyoachwa wazi lazima ionyeshe SWR ya juu sana. Ikionyesha 2, maana yake ni kwamba nguvu iliyokwenda mpaka mwisho na kurudi imebaki moja ya tisa. Safari moja basi inabakiza theluthi. Wati 100 zako zinafika 33 kwenye tyuna, na kiwambo kinakupongeza. Tupa kebo hiyo. Kukausha hakusaidii, maana shilidi imeshageuka nyeusi.

Cha pili ni antena fupi. Fimbo ya gari ya mita 2.5 ina pikofaradi kama 30. Kwenye 3.5 MHz hiyo ni takriban omu 1,500 za ukinzani wa kapasita, ilhali omu zinazorusha na kupotea kwa pamoja zinaweza kuwa 10 tu, nyingi zikiwa za athi na koili. Wati 100 kwenye omu 10 ni ampea 3.16. Zidisha kwa 1,500: volti 4,700 na zaidi kwenye mguu wa fimbo. Ndiyo maana kihami chenye tope huko hutoa cheche usiku. Ndiyo maana pia hakuna mtu anayepaswa kuegemea gari hilo wakati wa kurusha: majeraha ya moto wa redio huingia ndani ya nyama kabla ngozi haijalalamika.

Cha tatu si kosa la mtambo: masafa hayafai saa hiyo. Mchana jua huzidisha ufyonzaji wa masafa ya chini, hivyo chaneli ya 3.5 MHz iliyokuwa safi alfajiri huzama saa sita. Kwa umbali wa kilomita 100 hadi 400, jaribu 6 hadi 9 MHz mchana na ushuke 3 hadi 5 usiku. Kwa umbali huo mawimbi yanatakiwa kupanda juu karibu wima na kushuka, na fimbo iliyosimama haifanyi kazi hiyo vizuri. Gari likiwa limesimama, inamisha fimbo na uifunge kwa kamba ilale, kisha tyuni upya.

Dalili ya 5: Nguvu inashuka, au redio inazima ukianza kuongea

Redio ya wati 100 hunywa takriban ampea 20. Nyingi zimetengenezwa kwa volti 13.8, kasoro asilimia 15, yaani hazipendi chini ya 11.7. Sasa piga hesabu ya waya. Betri ikiwa mita 4 kutoka kwenye redio, mkondo unasafiri mita 8. Waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani, unapoteza takriban volti 1.2. Wa milimita za mraba 6 unapoteza 0.5. Betri ya sola iliyo katikati ya chaji ina volti 12.2 na inashuka zaidi ikibebeshwa mzigo, toa 1.2 na umeshaanguka chini ya mstari. Redio inazima, mkondo unakatika, volti inapanda, redio inawaka tena, na mtumiaji anasema imeingiwa na wazimu.

Utaratibu: bana upya vishikio vya betri, kisha angalia kishikilia fyuzi, hasa kile cha plastiki kilichoyeyuka kidogo pembeni. Pima volti kati ya ncha mbili za kila kiungo wakati wa kurusha. Kiungo kizuri kina chini ya volti 0.1. Baada ya hapo ndipo ulaumu betri.

Volti zikiwa nzuri na bado nguvu inashuka, redio inajilinda. SWR ya 1.5 inarudisha asilimia 4 tu ya nguvu, 2 inarudisha 11, na 3 inarudisha 25. Redio nyingi huanza kujipunguza kati ya 2 na 3. Rudi dalili ya 1.

Usiongeze ukubwa wa fyuzi ili isikatike. Hapo umeamua waya ndio uungue badala yake.

Dalili ya 6: Kompyuta haiongei na redio

Sababu kwa mpangilio: kasi ya bandari (porti ya kompyuta) hailingani, anwani ya redio si sahihi, programu nyingine imeshika bandari, kebo ni ya kuchajia tu, ruhusa ya mfumo haipo.

Chukua Icom IC-7300 kama mfano. Anwani yake ya kiwandani ni 94 kwa heksadesimali. Ukiituma FE FE 94 E0 03 FD, umeiuliza masafa. Ikiwa kwenye 7.100 MHz itajibu FE FE E0 94 03 00 00 10 07 00 FD: namba zinasomwa kwa jozi kutoka nyuma, 00 07 10 00 00, yaani 7,100,000. Ukipata FA umeeleweka ila umekataliwa. Usipopata chochote, kasi au anwani imekosewa. Ukiona amri yako mwenyewe tu ikirudi, hiyo ni mwangwi, si jibu. Kebo ni nzima.

Kwa Hamlib, programu huria ya kuongoza redio, kwenye Linux, jaribio la haraka ni hili:

rigctl -m 3073 -r /dev/ttyUSB0 -s 19200 f

Mfumo ukilalamika kuhusu ruhusa, ongeza mtumiaji kwenye kundi la dialout, toka na uingie tena. Wengi husahau kutoka. Bandari ikibadilika kutoka ttyUSB0 kuwa ttyUSB1 kila umeme ukikatika, tumia jina lililo ndani ya /dev/serial/by-id, halibadiliki. Ubuntu inaweza pia kuwa na brltty, programu ya vifaa vya wasioona, inayonyakua baadhi ya kebo zenye chipu ya CH340 ikidhani ni zake. Kama huihitaji, iondoe. Programu mbili zikigombania redio moja, endesha rigctld ya Hamlib na uzielekeze zote kwenye bandari 4532.

Kama kompyuta inabadili masafa vizuri lakini tyuna inabaki nyuma, tatizo ni papara za skripti, ile programu fupi inayoongoza redio. Badili masafa, subiri milisekunde 300, toa amri ya tyuni (kwa Icom ni 1C 01 02), kisha endelea kuuliza 1C 01. Ikijibu 02 bado inatafuta. Usirushe data mpaka jibu libadilike, na weka kikomo cha sekunde 20. Kikipita, skripti isimame na kuandika kosa, isijaribu tena milele. Skripti ikibadili chaneli huku redio inarusha, rilei zinabadilika zikiwa zimebeba nguvu kamili, na hapo ndipo hugandana.

Dalili ya 7: Redio inarusha yenyewe

Kata nguvu kwanza, chunguza baadaye. Redio iliyokwama kurusha huunguza hatua ya mwisho na kuziba chaneli ya watu wengine.

Ikitokea kila unapofungua programu, sababu ni RTS na DTR, nyaya mbili za ishara kwenye bandari ya kompyuta. Mfumo ukifungua bandari huziinua zote mbili, na kama redio imeambiwa RTS ndiyo PTT (amri ya kurusha), itarusha. Kwenye menyu weka USB SEND kuwa OFF, na urushe kwa amri tu. Ikitokea ukiongea au mlango ukigongwa, VOX (kurusha kwa kusikia sauti) imewashwa. Ikitokea kwa nguvu kubwa tu, ni mawimbi yako mwenyewe yanayorudi ndani. Soma dalili ya 8.

Kituo chochote kinachojiendesha kiwe na vikomo viwili visivyotegemeana: kikomo cha muda ndani ya redio, dakika 3 zinatosha, na rilei ya muda ya nje inayokata waya wa PTT. Programu ikiganda haiwezi kujizima yenyewe. Tena sikiliza kabla ya kutyuni, hata mashine nayo isikilize. Zile wati 10 zinatoka hewani kweli. Leseni yako, iwe ya TCRA ya Tanzania, ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya au ya nchi nyingine, inamtaja mtu au taasisi. Skripti haitajibu kwa niaba yako.

Dalili ya 8: Kompyuta inaganda au USB inakatika wakati wa kurusha

Punguza nguvu kutoka wati 100 hadi 10. Tatizo likitoweka, ni mawimbi kwenye nyaya. Chanzo kikubwa ni athi dhaifu kwenye tyuna: mkondo ambao ungepita kwenye nyaya za ardhini unarudi chumbani kwa mgongo wa koaksi. Rekebisha athi kwanza. Halafu zungusha koaksi mara 10 hadi 12 kwenye pete kubwa ya feraiti ya mchanganyiko namba 31, karibu na tyuna, na kebo ya udhibiti nayo iwe na pete yake. Nyingine ndogo weka kwenye kebo ya USB, ipite mara kadhaa. Kebo hiyo isizidi mita 1.5. Anayeanza na USB na kuacha athi atanunua feraiti nyingi.

Dalili ya 9: Mtambo wa ALE unapiga, lakini hauunganishi

ALE ni mfumo wa redio kuchagua chaneli na kuunganisha zenyewe. Mitambo inayofuata kiwango cha MIL-STD-188-141 hupekua chaneli 2 au 5 kwa sekunde, na tyuna haiwezi kukimbia hivyo. Wakati wa kupekua, tyuna huwekwa pembeni. Ikipata wito, inarudisha mpangilio wa chaneli husika kutoka kumbukumbu. Kama chaneli hiyo haijawahi kutyuniwa, itaanza kutafuta upya na mwanzo wa wito utaliwa. Basi tyuni kila chaneli kwa mkono mara moja kabla ya kuwasha ALE, na muda wa kusubiri tyuna kwenye mipangilio uwe mrefu kuliko urejeshaji wa kumbukumbu. Saa za kompyuta na orodha ya chaneli zilingane pande zote mbili. Chaneli moja iliyokosewa kwa kHz 1 haionekani kwa macho.

Kituo cha kudumu chenye chaneli nyingi, ni heri kifunge daipoli (antena ya mikono miwili ya waya) ya bendi pana yenye rezista na kiachane na tyuna. Sehemu ya nguvu itageuka joto, lakini hakuna cha kusubiri na hakuna rilei ya kuganda.

Dalili ya 10: Vikuza (amplifaya) vikubwa vyenye mota

Kutyuni kwa mota si jambo jipya. Transmita ya Collins ART-13 ya ndege za vita vya pili vya dunia ilizungusha vitufe vyake yenyewe hadi chaneli zilizopangwa. Vikuza vya kilowati vya leo hufanya vivyo hivyo kwa kapasita za ombwe. Mota ikiyumba kwenda na kurudi bila kutulia, potenshiometa inayopima nafasi ya mota ni chafu, au meno ya gia yamelegea. Ikigonga mwisho na kuendelea kuguruma, swichi ya kikomo imekufa. Izime kabla skrubu ya kapasita haijang'oka.

Unachoruhusiwa kufanya mwenyewe kinaishia nje ya kifuniko: kusafisha vichujio vya hewa, kuangalia feni, kusoma kosa kwenye kiwambo, kurudisha mota kwenye nafasi ya mwanzo kwa menyu. Ndani kuna volti 2,000 hadi 4,000 za umeme mnyoofu, na kapasita huzihifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Swichi ya mlango usiizibe kwa utepe. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye fimbo ya kutolea umeme, anayejua wapi pa kuiweka na aliyekuja na mwenzake.